Mama Brian Wawili

Kuna siku moja hainitoki, mwanangu. Mvua ilikuwa imeshinda juu ya mabati ya studio yetu ya picha pale Sarang'ombe, Kibera, ile mvua ya kukufanya uote ukiwa macho. Mzee Lusweti, mwenye studio, alikuwa na nyingine Kawangware, na kila moja ilikuwa na kompyuta yake iliyojaa picha za wateja. Alikuwa amenunua kompyuta mpya moja, akataka picha zote zihamie humo.

Mimi nilikuwa kijana mjuaji kweli. Nilitaka nizimwage zote kwa mpigo, kisha nifute zile mashine kuukuu tuziuze. Mnunuzi nilishampata mtaa wa Ayany. Mzee naye alitaka tuhamishe mteja mmoja mmoja, tukifungua kila picha tuitazame. Nikamwona anatuchelewesha. Mwishowe akanikubalia nimwage, lakini nisifute kitu.

Nikamwaga za Kibera, kisha za Kawangware. Kompyuta ikawa inaniuliza maswali, nami nabonyeza ndiyo, ndiyo, macho yangu yakiwa kwa mvua.

Wiki hiyo haikuisha, akaja Mama Brian, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa pale reli. Hakuketi.

"Brian ametuacha," akasema. "Kesho tunampeleka nyumbani. Nataka ile picha yake ya shati nyeupe, niweke juu ya sanduku."

Nyingine hakuwa nayo, simu yake ilikuwa imeibwa. Nikafungua faili la Mama Brian kwa mashine mpya. Akatokea kijana anacheka, simjui hata kidogo. Unajua sisi wateja tuliwaandika kwa jina la kifungua mimba, na Kawangware pia kulikuwa na Mama Brian. Kwa zile ndiyo zangu, wa huko alikuwa amemfuta wa huku. Mama akamtazama yule mtoto wa mwenzake, akatazama tena.

"Huyu si wangu," akasema polepole.

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee hakunigombeza. Alienda kwa ile mashine kuukuu pale kona, akaitoa kitambaa, akaiwasha. Ilinguruma, ikachukua wakati wake kuamka. Kisha Brian akaja, na shati yake nyeupe. Mama akagusa kioo kwa kidole, akamwambia jambo kwa Kijaluo, sauti ya chini, vile unaongea na mtoto anayelala.

Mwanangu, leo mnahamishia biashara zenu mtandaoni, na kumwaga kwa mpigo ni rahisi kuliko zamani. Sikukatazi, duka likiwa kubwa, mmoja mmoja hutamaliza. Lakini tenganisha kwanza majina yanayofanana. Kompyuta ikikuuliza, soma. Ukishahamisha, fungua uone kama kweli ni wenyewe, na kule kwa zamani usifute mpaka uhakikishe kila mtu amefika.

Mungu abariki kazi ya mikono yako. Na siku mama wa mtu atakaposimama mlangoni kwako, akujalie uwe na wa kwake wa kumpa.