Darubini Mbili za Bunduki

Juzi nilimwona mzee mmoja akipimwa macho, nikamkumbuka baba yangu, msasi hodari wa kijiji cha Lionja. Alasiri moja, Mzungu wa idara ya wanyamapori tuliyemwita Bwana Nyama alimletea bunduki na darubini zake mbili, achague moja ya kumwindia simba aliyekuwa akiua watu. Zilinuka mafuta na ngozi mpya. Baba alichungulia ya kwanza akiielekeza mlimani, kisha ya pili.

"Saidi, ipi inaona vizuri?" Bwana Nyama aliuliza.

"Zote sawa, bwana."

Nilicheka. Nilidhani anaringa, kwamba macho yake hayahitaji vioo. Leo najua hakuwa ameuona hata huo mlima. Bwana Nyama alimtazama sana, kisha akaichukua bunduki, akampa msasi mwingine.

Njiani kurudi nyumbani baba aliniomba nimshike mkono, mimi binti yake mdogo. Nilifurahi, nikadhani ananibembeleza.