Watumishi wa Rais

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Lakini siku ile nilikuwa na haki nazo, au hivyo nilidhani.

Nilikuwa nafasiri kijitabu cha shule za Afrika Mashariki, maisha ya mmoja wa marais wa mwanzo kabisa wa Marekani. Mapinduzi ya kwetu Unguja yalikuwa yametimiza miaka minane, na mimi na mama tulikaa Lewisham, hapa Landani, flati ya juu, lifti mbovu. Mkubwa wangu ofisini alikuwa Mwingereza aliyewahi kuwa bwana shauri wa serikali ya kikoloni huko Bara. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila cha kuamrisha.

Rais mwenyewe nilianza kwa kumpenda. Ujanani alikuwa mpima ardhi, akapigana vita vya kuwatoa hawa hawa Waingereza, akatawala, kisha akaondoka kwa hiari yake akarudi shambani kwake. Kwa mtu wa kwetu, mtawala anayeondoka bila ya kutolewa ni habari ya kusomwa mara mbili. Nikaisoma mara mbili. Kisha nikafika kwenye hilo shamba. Kiingereza kilisema lilikuwa na watumishi wengi. Mmoja wao alipotoroka, likatolewa tangazo gazetini atafutwe. Na kwenye wosia wake rais aliagiza watumishi wake waje waachwe huru.

Ala! Mtumishi akiacha kazi hutangaziwa gazetini? Na aliyeajiriwa huachwa huru vipi? Nikaandika watumwa, kila palipokuja neno lile.

Karatasi zikarudi zimekatwa kwa wino mwekundu: watumishi, watumishi, watumishi. Nikamwendea mezani kwake. Akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kwamba kitabu ni cha watoto, na kazi ya mfasiri si kumsahihisha mwandishi. Akanipa mpaka kesho. Nikubali, au kitabu apewe mwengine na jina langu lisiwemo. Na jina hilo lilikuwa lichapishwe ukurasa wa mbele, mara ya kwanza maishani mwangu. Mama alikuwa keshawaambia majirani wote.

Nilifika nyumbani nimefura. Mama alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwaga yote: wanafiki wakubwa hawa, wanampaka mtu wao mafuta, nyani haoni kundule. Mama hakuinua macho. Aliuliza tu kama nitakubali, nikamjibu sikubali hata kidogo, mtumwa ni mtumwa.

"Na yule aliyekulea," akasema, "alikuwa nani?"

"Mtumishi wetu."

"Aliajiriwa na nani, mwanangu?"

Aliyenilea alikuwa bibi mzee wa jikoni. Alilala kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, nami nilidhani anapenda upepo. Siku za Mapinduzi, watu wenye mapanga walipobisha, yeye ndiye aliyetoka, akawaambia waliomo ndani ni wanawe. Wakamwamini, wakenda zao. Alikufa kabla hatujaondoka. Na hapa Landani kila aliyeniuliza habari za kwetu nilimwambia tulikuwa na mtumishi mmoja, mtu mwema sana.

Mama akanieleza kwamba babu yangu alimnunua angali mtoto mdogo, kaletwa kutoka Bara. Alipokuja kuachwa huru hakuwa na pa kwenda, akabaki. Kisha akarudi kwenye mchele wake.

Asubuhi nilikwenda ofisini nikakataa. Kitabu akapewa mwengine, na watumishi wamo mpaka leo. Sijuti, lakini ile hotuba niliyokuwa nimeitunga njiani ya kumtolea yule Mwingereza sikuitoa. Ningeanzia wapi?

Kijitabu kilipotoka nilinunua kimoja. Nikalikata lile neno kila lilipo, nikaandika langu kwa kalamu. Pale mbele, palipokuwa pawe na jina langu, nilitaka niandike la yule bibi. Lakini nilikumbuka mama aliposema kuwa alinunuliwa, ikanijia shaka. Nikamwuliza kama lile tulilomwita ndilo jina lake.

"Lile alipewa na babu yako," mama akasema. "La kwao hatukumwuliza."