Mkono Uliofika Sikioni

Kwetu Bwera mtoto hakupandishwa darasa la kwanza kwa cheti cha kuzaliwa. Wengi hawakuwa nacho. Alipitisha mkono juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la upande wa pili, basi, kwaheri nasari. Visipogusa, rudi ukae. Mpimaji nilikuwa mimi, na nilikuwa mkali. Mtoto akiinamisha shingo ili aibe, nainyoosha: "Simama vizuri, wee! Mkono haudanganyi."

Nasari yetu ya serikali ilikuwa chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi, na walimu wawili. Mwenzangu alikuwa mdogo kwangu, mjane, aliyeweza kumnyamazisha mtoto bila kuinua sauti. Mimi sauti ndiyo silaha yangu. Mwaka ule ofisi ya elimu ikatuambia: watoto wasipofika arobaini, mwalimu wa pili aondoke. Afisa atakuja kuhesabu vichwa mwenyewe, maana madaftari yana uongo.

Nikaandikisha watoto wapya, nikaongeza wale ambao mkono haukufika sikio. Thelathini na tisa. Loo!

Alikuwa amebaki mmoja wa kupimwa, kasichana ka muuza samaki wa soko la Mpondwe. Akapitisha mkono. Vidole vikashika sikio, vikalikunja kabisa.

"Bado," nikasema.

"Mwalimu, imefika."

"Nimesema bado. Kaa!"

Kesho yake mama yake akaja, beseni kichwani. "Mwalimu, mukono ya mutoto iko inafika. Mbona alibaki?"

Nikamjibu eti mkono wa mtoto wake umeutangulia umri. Mimi huyo! Akasema, "Haya, mwalimu ndiye anajua," akaenda zake sokoni. Afadhali angenitukana.

Afisa akaja, akahesabu arobaini, akapanda pikipiki yake. Mwenzangu akabaki kazini. Nilifurahi, sitaficha. Lakini kila asubuhi yule mtoto alisimama mbele ya meza yangu, mkono juu ya kichwa, ameshika sikio. Nilijifanya natafuta chaki.

"Dada, huyu anafanya nini kila siku?" mwenzangu akaniuliza.

Nikamweleza yote, nikingoja anishukuru. Akamfuta mtoto makamasi, akamshika mkono, wakavuka uwanja hadi darasa la kwanza. Aliporudi aliendelea na wimbo pale tulipouachia.

Muhula uliofuata afisa alirudi kuhesabu, akakosa mmoja, akasema mwalimu wa pili aondoke. Jioni ile mwenzangu akakunja leso yake na kuitia mfukoni. Nikapaza sauti kwa hasira. "Si ungeniachia dhambi yangu? Nani alikutuma?"

"Dada," akasema, polepole vilevile alivyosema na watoto, "nile mwaka wa mtoto wa mwanamke mwenzangu, kisha nilale usingizi?"

Nikabaki na thelathini na tisa peke yangu. Naendelea kupima mikono, ila tangu hapo sipimi mpaka mama wa mtoto asimame kando yangu, aone mwenyewe.