Aliyechungulia Midomo ya Perege

Asubuhi ya mwisho kabla marehemu mke wangu hajaugua, tulikunywa chai tukashuka mtoni kuuza samaki, yeye na beseni la perege wazima, mimi na kisu cha kuparia magamba. Hakunipa samaki hata mmoja kabla ya kumfungua mdomo kwa kidole gumba na kuchungulia. Perege jike hulea mdomoni, mayai humo, vifaranga humo, naye hali kitu mpaka wakue. “Mimi nisingeweza,” alizoea kusema, “ningesahau nikaongea.” Kweli, sauti yake ilivuka mto bila mtumbwi. Akikuta vifaranga wamo, alimrudisha mama yao majini, nami nilinung'unika kwamba kitoweo kinaondoka. Siku hizi nachungulia mwenyewe, ingawa kwa macho haya sijui naona nini.

Asubuhi ile mteja alichagua perege mnono kuliko wote. Mke wangu akachungulia, akapandisha sketi, akaingia mpaka penye majani na maji yaliyotulia, akamwachia. Vifaranga wakatawanyika, kisha wakarudi mbio mdomoni mwa mama yao.

“Mama, huyo ni wangu!” mteja akalalamika.

Mke wangu akakamua pindo la sketi huku anacheka. “Chagua mwingine, baba. Huyu ana watu nyumbani.”