Aliyeonja Chakula cha Mhubiri

Yule mhubiri sikumwamini tangu siku ya kwanza, kwa sababu jela yake ilikuwa safi mno.

Tulikuwa tunasali Peckham, hapa London, kwenye ukumbi ulio juu ya saluni. Alikuja kama mgeni, akahubiri habari za yule mtume aliyezunguka miji kwa miguu na kwa merikebu, akipigwa na kufungwa huku na kule. Alieleza vizuri, sikatai. Lakini kila mtume alipoingia gerezani, mhubiri naye alisimulia la kwake, alikosema aliwahi kufungwa. Minyororo, giza, nyimbo. Watu wakalia. Mimi nilikuwa nasubiri aseme habari ya kunguni.

Marehemu mume wangu aliwahi kuwekwa mahabusu kule Tanga kwa kesi isiyokuwa yake, na chakula nilimpelekea mimi. Ukifika kaunta, askari anakwambia onja kwanza, ajue hujatia sumu. Unaonja mbele yake, wali na mchuzi, ndipo chombo kinaingia ndani. Jela naijua kwa upande huo.

Sasa binti yangu, mtu mzima, anayetunza wazee kule Thornton Heath, akaniambia mhubiri anatafuta wenzi wa safari, kama mtume alivyokuwa nao. Yeye amekubali. Jumatatu ataaga kazini, fleti yetu atairudisha kaunsili, halmashauri iliyotupangisha, mimi nitahamia kwa kaka yake Barking.

"Wenzake mtume wengi walimkimbia," nikamwambia.

"Ndiyo maana nataka kuwa wa kubaki, Mama."

Nikamwambia amlete mhubiri ale kwetu. Akafurahi, akidhani nimelainika.

Mgeni alikula vizuri. Nilimwacha mpaka akamaliza samaki, nikauliza, "Baba mchungaji, huko gerezani nani alikuwa anakuonjea chakula?"

Niliuliza hivyo makusudi. Asiyewahi kufungwa angeniuliza, kuonja vipi?

Hakuuliza. Alicheka kidogo, macho kwenye sahani. "Mke wangu. Askari wa pale wakorofi, Mama, walimwonjesha mpaka maji. Ana mimba, harufu ya dagaa inamtapisha, na bado anaonja."

Kumbe jela alikaa kweli. Hapo nilimdhania vibaya.

Binti yangu alikuwa anaondoa vyombo. Akasimama. "Una mke, Mchungaji?"

"Nilikuwa naye. Nilipotoka, kazi ya Mungu ikaniita nje. Yeye akabaki."

"Akabaki wapi?"

"Kulekule. Nasikia alihama."

"Na mtoto?"

Mhubiri akasema angeshukuru kama kuna chai.

Nikampa chai. Mgeni simnyimi chai, awe nani. Akainywa haraka, akatuombea sote wawili kwa sauti ya ukumbini, akashuka ngazi.

Binti yangu aliosha vyombo bila kuwasha redio, kitu ambacho si kawaida yake. Sahani ya mgeni aliisugua, akaisuuza, akairudia tena.

"Mahubiri yote yale," akasema, "hajamtaja hata mara moja."

"Mtume wenzake aliwataja. Hata waliomkimbia."

"Mama, basi."

Nikachukua kitambaa, nikakausha sahani.

Jumatatu alfajiri nilimsikia akipekua kabati. Nikadhani anatafuta sanduku la safari. Alipotoka, amevaa sare yake ya kazi, anauliza kadi ya basi iko wapi. Nilipasha wali na samaki aliyebaki, nikaonja, nikafunga kwenye chombo, nikamtilia mkobani.