Miezi ya Matone

Nilikuwa na miaka arubaini na tisa nilipotiwa koili, umri ambao wenzangu wa rika walikuwa wakinunua miwani ya kusomea na kupanga harusi za watoto wao.

Ninafundisha darasa la pili katika shule ya msingi si mbali na Msambweni. Mwaka ule hedhi yangu ilipandwa na wazimu. Ilipotea miezi miwili, nikadhani imekatika, nikamshukuru Mungu. Kisha ikarudi kama bomba lililopasuka, siku kumi na mbili mfululizo, mabonge kama maini ya kuku. Nilivaa pedi mbili, nikafunga na kitambaa, na buibui juu ya yote, na bado siku moja niliposimama kuandika ubaoni mtoto mmoja wa kike akaniambia, "Mwalimu, kiti chako kimemwagikiwa uji." Nilikifuta kwa leso yangu, nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata. Nilikuwa nimepungukiwa damu hata kupanda ngazi mbili za ofisi ya mwalimu mkuu nilishika ukuta.

Daktari aliyenipima alikuwa msichana wa bara, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, mpole, na msalaba mdogo shingoni.

"Hakuna uvimbe, mama," akasema. "Ni homoni. Unaelekea kukoma hedhi, kwa hivyo zinapanda na kushuka. Nitakuwekea koili yenye homoni ndani yake. Itakaa miaka mitano. Kufikia hapo utakuwa umekoma, na hata hutajua ulikoma lini."

"Koili si ya kuzuia mimba? Mimi nizuie mimba gani tena?"

Akacheka. "Inafanya kazi mbili, mama. Hii itakupunguzia damu. Lakini miezi mitatu ya kwanza, hata sita, utaona matone matone. Vumilia."

Nilitaka kumwuliza matone hayo nitayahesabu vipi katika sala. Nikaona haya. Yeye si Mwislamu, nikajiambia, atajuaje. Na wale waliojua, niliwaonea haya zaidi. Basi sikumwuliza mtu.

Kuitia kulichukua dakika tatu. Uchungu wake ulikuwa uchungu wa kuzaa uliobanwa ukaingizwa katika dakika hizo tatu. Muuguzi alinipa mkono wake niukaze, na nilipomaliza niliona nimemwachia alama za kucha. Nilimwomba radhi. Akaniambia amezoea.

Lile gharika la damu lilikwisha kweli, mwezi wa pili tu. Hilo sitalikana. Nilianza kula na kuona ladha, nikapanda ngazi bila kushika ukuta. Lakini matone yalikuja, na yalipokuja hayakujua kuondoka. Leo ya hudhurungi, kesho ya waridi, keshokutwa hakuna, nikifurahi hakuna, jioni lipo moja, kama mtu aliyechungulia mlangoni akarudi. Joto nalo halikupungua. Ningekuwa nimesimama mbele ya watoto na chaki mkononi, likapanda kutoka kifuani, likafika usoni, jasho likanitiririka ndani ya hijabu hadi watoto wakanyamaza kunitazama. Matiti yaliniuma kama ya mwenye mimba changa. Na juu ya hayo ikaja huzuni.

Sijui huzuni ile ilitoka wapi, kama ni koili, au umri, au mambo mengine niliyokuwa nayo. Najua tu kwamba niliamka nayo. Nilikuwa nikipiga mswaki nalia. Mume wangu ni mlinzi katika hoteli moja ya Diani, huja nyumbani Ijumaa na kurudi kazini Jumapili. Ijumaa moja alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kuna kitu kinamdunga. Nilirudi hospitali, wakazikata nyuzi za koili zilizoning'inia kwenye mlango wa kizazi zikawa fupi zaidi. Hakuwa na lalamiko tena, ila tangu siku ile alianza kutandika godoro lake sebuleni, akisema kuna upepo. Sikumbembeleza arudi. Niliona afadhali.

Kilichoniumiza hasa ni sala. Chuoni nilifunzwa tangu utoto: ukiona damu, acha sala. Basi niliacha. Siku mbili zikipita safi nilikoga nikajitahirisha, nikasali alasiri, magharibi nikakuta tone. Nikaacha. Nikakoga tena, nikasali, nikaona tena. Mwezi wa tatu nilichoka. Nikaukunja mswala nikauweka juu ya kabati, nikajisemea matone yakikatika nitautandika. Shuleni, adhuhuri ikifika, walimu wenzangu wa kike hutandika jamvi pembeni ya chumba cha walimu. Mmoja alinitazama nimekaa na kikombe changu, akauliza, "Bado tu?" Siku nyingine akasema kwa mzaha, "Wewe hedhi yako ni ya mwaka mzima, mwenzangu." Wengine wakacheka. Nilicheka nao, na tokea hapo adhuhuri ikinikuta shuleni nilikwenda kukaa darasani kwangu peke yangu. Ramadhani iliingia mwezi wa nne wa koili. Sikufunga wala sikula. Nilishinda na njaa bila ya funga, na jioni nikafuturu na watu kama mwizi.

Kila Jumamosi nilikwenda Kikoneni kwa mama. Kiharusi kilimpiga miaka miwili nyuma, upande wa kulia ukafa. Mdogo wake, mama mdogo wangu, ndiye aliyekaa naye, akimlisha na kumgeuza, lakini kumkogesha Jumamosi ilikuwa zamu yangu na sikumpa mtu. Nilichemsha maji, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki ndani ya kitala cha makuti cha kuogea nyuma ya nyumba, nikamsugua kwa dodoki, taratibu, kwapa, mgongo, baina ya vidole vya ule mkono uliokufa. Alikuwa amekuwa mwepesi. Maneno yake yalikuwa yakiburura, lakini akili ilikuwa timamu.

Jumamosi moja aliniona nimejishika kiuno.

"Wanisumbukia nini na wewe mwenyewe u mgonjwa?"

Nikamwambia habari ya koili. Alinisikiliza hadi mwisho, maji yakimchuruzika.

"Wametia chuma tumboni?"

"Si chuma, mama. Ni plastiki."

"Plastiki!" akasema, akafikiri. "Sisi tulikoma tu. Siku moja ukiangalia hakuna, ukaendelea na shamba lako."

"Hamkuona joto? Hamkulia?"

Nilikuwa nimeshaanza kumpangusa aliposema, "Tulilia. Lakini nani alituuliza?"

Nilicheka, na yeye akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. Katika miezi yote ile nadhani ndiyo mara pekee niliyocheka bila ya kujilazimisha.

Mama alikufa mwezi wa sita wa koili, siku ya Alhamisi. Mama mdogo alinipigia simu nikiwa darasani. "Njoo, mwanangu," akasema tu, na nikajua. Nilimwomba mwalimu wa jirani anitazamie watoto, nikapanda bodaboda. Nilifika kabla ya adhuhuri. Ua ulikuwa umeshajaa, wanaume wamekwenda kuchimba kaburi, mazishi yamepangwa baada ya alasiri. Chumbani walikuwa wamechimba mfuo chini ya kitanda, ule mtaro wa kupokea maji ya kumwoshea maiti. Nilivua viatu, nikaikunja mikono ya nguo yangu. Hakuna aliyepaswa kunieleza la kufanya. Nilikuwa nikiujua mwili ule kuliko mtu yeyote pale.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sanda mikononi. Akanisogelea sikioni.

"Uko tohara?"

Asubuhi ile nilikuwa nimeona tone moja. Dogo, kama lililoachwa na mbu. Jana yake hapakuwa na kitu.

"Sijui," nikamwambia.

"Hujui vipi, mtu mzima wewe?"

"Ile koili, mama mdogo. Natokwa na matone. Sijui ni hedhi au si hedhi."

Wanawake wawili waliokuwa ndani, jirani na mke wa binamu yangu, walisimama kunitazama. Mmoja akasema, "Hapana, basi asiingie. Maiti ana haki yake." Mama mdogo akanishika bega. Hakuwa mkali. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaa nje, mwanangu. Sisi tutamwosha vizuri."

Nikatoka. Nikakaa kwenye mkeka chini ya dirisha, na dirisha lenyewe wakaliziba kwa leso. Niliyasikia maji. Nilisikia wakiitana, "Mgeuze upande huu," na "Lete karafuu maiti," na "Mkono huu haunyooki." Nilijua kwa nini haumnyookei mtu isipokuwa kwanza alisugue lile fundo la kiwiko. Nilitaka kuwaambia kupitia dirishani. Nikanyamaza, nikiogopa hata sauti yangu isije ikawa na najisi.

Walipomaliza waliniita nimwone uso. Nilisimama kizingitini. Walikuwa wamemtia pamba na kafuri, amenukia, na usoni alikuwa mama. Sikumgusa. Kisha wanaume wakamchukua, na kwetu wanawake hatufuati makaburini, kwa hiyo pale kizingitini ndipo nilipomuaga.

Wiki tatu baadaye nilirudi kwa yule daktari nikamwambia aitoe. Sikumsalimu hata. Nilisema, "Toa kitu chako."

Hakukasirika. Alinikalisha, akanipa maji. "Nitaitoa ukitaka, mama, ni haki yako. Lakini ile damu nyingi huenda ikarudi, na damu yako ndiyo kwanza imepanda. Ungenipa miezi mitatu mingine?"

Nilikuwa nimekwisha kulala kitandani, nguo nimezipandisha. Nililala pale nikatazama dari. Nikaikumbuka siku ya kiti, nikajua sina nguvu ya kuirudia. Nikashuka, nikaenda zangu nayo.

Mwezi wa tisa matone yalikatika. Yalikatika kama alivyosema, bila kishindo. Wiki moja, mbili, mwezi. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Niliuteremsha mswala nikaukung'uta vumbi, kisha nikaona siwezi kuanza kabla ya kujua nadaiwa sala ngapi. Ndipo nilipokwenda Ukunda kwa ustadha mmoja, mama wa makamo anayedarsisha wanawake nyumbani kwake, nyuma kidogo ya Kona ya Musa. Nilingoja hadi wanafunzi wake wakaondoka. Nikamweleza yote, macho yangu kwenye jamvi.

Alinisikiliza, kisha akauma mdomo. "Dada yangu, miezi yote hiyo ulikuwa wapi? Damu ya maradhi si hedhi. Ulitakiwa uhesabu siku zako za kawaida, ukoge, kisha ufunge kitambaa, utawadhe kwa kila sala, na usali. Tone likija, na lije."

"Na nilizoziacha?"

"Utazilipa kidogo kidogo. Usijitese."

Ningeondoka hapo ningekuwa nimenusurika. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusema, na nikasema na la mama. Nilimweleza kama mtu anayetaka kusifiwa, kwamba angalau pale niliilinda haki ya maiti.

Akauliza, "Nani aliyekwambia usimwoshe?"

"Wote. Watu wazima."

"Hata ungekuwa na hedhi kamili hukukatazwa kumwosha maiti, seuze mamako mzazi," akasema. Akaniona uso. Akanishika mikono yote miwili. "Hukujua. Mungu hamtesi mja kwa asilolijua." Aliendelea kusema maneno mema. Niliona midomo yake ikienda. Nilikuwa nikisikia yale maji.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kikoneni kumwambia mama mdogo. Sijui nilitaka nini kwake. Alikuwa akimenya mihogo. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza alivyosema ustadha, neno kwa neno. Kisu kikasimama.

"Sisi ndivyo tulivyofunzwa," akasema.

"Najua, mama mdogo."

Akamenya muhogo mwingine, akautia majini. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Lakini na wewe, mwanangu. Ungejibu tu uko tohara. Nani angekupekua?"

Nilimsaidia kuiosha mihogo, tukala pamoja, nikaondoka jua likiwa bado juu.

Sasa nina miaka hamsini na mmoja. Nasali, nalipa na zile za nyuma, nyingine nazisali kwa moyo na nyingine kwa mwili tu. Joto bado linanijia. Godoro bado liko sebuleni, na Ijumaa mume wangu huniuliza kama nimepoa, nami humwambia nimepoa. Huzuni nimeizoea, lakini haijapungua. Mwezi uliopita nilikwenda kuangaliwa. Yule daktari amehamishwa, nikamkuta mwingine, kijana wa kiume, akanipiga skani akasema koili imekaa mahali pake barabara, haina neno, itanitosha hadi mwisho. Nikasema alhamdulillahi, kwa kuwa ndilo jibu, nikashuka kitandani nikavaa.