Mpwa Mwenye Kufuli

Mwandishi wa gazeti aliyeniita katili bado sijamsamehe, na wala sitafuti sababu ya kumsamehe. Asubuhi moja, nikiwa kazini, alisimama chini ya dirisha la nyumba yetu ya Mji wa Kale akamwita mama mdogo wangu kwa sauti. Mama mdogo alikuwa amekaa eda. Mumewe alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na kwa desturi ya kwetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, wala hazungumzi na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Kwa hivyo hakujibu. Kijana akaliona kufuli mlangoni, akaongea na jirani wa chini ambaye hatuamkiani naye tangu tulipogombana kwa ajili ya maji yaliyomwagika dirishani, na habari yake ikakamilika hapo hapo.

Siku ya pili nikaisoma. Mjane mnyonge amefungiwa ghorofani na mpwa wake, mwalimu wa sekondari, naye amelia mpaka sauti imemkauka. Kulia gani? Mama mdogo hakulia hata jeneza lilipotoka. Na kufuli hilo aliniambia mwenyewe nilitie, kwa sababu watu walikuwa wakipanda ngazi bila hata kupiga hodi. Kila asubuhi nilimwachia chai na mahamri, nikafunga kwa nje, nikaenda zangu Ganjoni kusomesha.

Jina langu hawakuliandika, na hilo ndilo lililoniponza. Wiki hiyo nilikuwa nimewapa wanafunzi wangu zoezi: kila mmoja alete habari ya gazetini aichambue kama hadithi. Wahusika ni nani, mandhari ni yapi, mgogoro uko wapi. Nililipenda sana zoezi hilo. Nilikuwa nikiwaambia, kwa maringo yangu yote, kwamba gazeti nalo hutunga, na kwamba msomaji mwenye akili huuliza ni nani hakupewa nafasi ya kusema.

Msichana mmoja anayetoka Tudor, anayekaa mstari wa mbele na kuandika kila neno ninalolitamka, akasimama na kipande chake cha gazeti. Nikaiona picha ya mlango wetu kabla hajafungua kinywa.

"Mandhari ni nyumba kongwe ya ghorofa," akasoma. "Kuna ngazi nyembamba, dirisha la mbao na mlango uliofungwa. Mhusika mpwa ni katili. Tena ni mnafiki, kwa sababu ni mwalimu."

Darasa likacheka. Masikio yakaniwaka moto.

"Ushahidi wa huo ukatili ni upi?" nikamuuliza.

"Kufuli, mwalimu."

"Kufuli si ushahidi. Pengine mjane yuko kwenye eda na ameomba mwenyewe afungiwe, na huyo mwandishi hajui hata eda ni nini. Ulilifikiria hilo?" Nilitaka akae chini, na nilitaka aone haya mbele ya wenzake.

Hakukaa. "Nililifikiria, mwalimu. Bibi yangu alikaa eda mwaka jana. Lakini yeye alijifungia kwa ndani."

Hakuna aliyecheka safari hii. Akaendelea kusoma polepole. "Mgogoro ni ufunguo uko kwa nani. Mwandishi hakumuuliza mjane anataka nini. Mpwa naye, hatuambiwi kama alimuuliza."

Nikamwambia muda wake umekwisha. Nikampa sita juu ya kumi, nikaandika pembeni kwamba amekisia mno. Ilikuwa chuki tupu, na nadhani alijua.

Alasiri nikarudi nyumbani. Jirani alikuwa mlangoni kwake. Akaniangalia toka juu hadi chini, nami nikamwangalia vivyo hivyo. Nikapanda, nikafungua kufuli. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye msala na tasbihi yake. Nikamwamkia, akaniitikia.

"Gazeti limesema nakufungia," nikamwambia. "Si wewe uliyenambia nifunge?"

"Nalikwambia siku ya khitima, watu walipokuwa wakiingia na kutoka. Sikukwambia ufunge hata leo."

"Mbona hukuniambia basi?"

"Wewe wafunga huku washuka ngazi. Ningekwambia saa ngapi?"

Nikakimbilia hasira. Nikasema yule kijana ni mwongo, ameandika kilio ambacho hakikuwapo.

"Hicho kilio kakizua," akasema. "Lakini nalimsikia akiniita. Lau si eda, ningemjibu."

"Ungemjibu nini?"

"Ningemwambia nimefungiwa," akasema, akanyoosha mkono nimpe ufunguo.